Kwilti ndogo kwa pakiti moja ya viraka vya inchi mbili na nusu

Pakiti ya viraka vilivyokatwa kiwandani ina utamu wake: vitambaa ni vya familia moja, rangi zimeshapatana, na mkasi hujaugusa. Vidogo zaidi kati ya vinavyopatikana kwa urahisi ni miraba ya inchi 2.5. Kampuni ya Moda hufunga viraka 42 kwenye pakiti yake, na 42 ni sita mara saba. Kwilti ni matabaka matatu yaliyoshonwa pamoja: uso wa viraka, pamba katikati na kitambaa cha mgongo. Kwa hiyo pakiti moja, ikishashonwa, inatoa uso wa kwilti wa inchi 12 kwa 14 pasipo kubaki hata kipande. Ni saizi ya kutundika ukutani au kutandika mezani chini ya taa.

Wengi huanzia hapa wakidhani kwilti ndogo ni rahisi kwa kuwa ni ndogo. Kazi ni kidogo, kweli, ila udogo hausamehe. Mraba wa inchi 2.5 ukishashonwa pande zote unabaki inchi 2, kwa kuwa kila upande mshono umekula robo inchi. Sasa tuseme mshono wako umezidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi tu. Unakula kwenye viraka viwili kwa mpigo, kwa hiyo kila mshono umepoteza thumni. Mstari wa viraka sita una mishono mitano. Piga hesabu, mstari umepungua zaidi ya nusu inchi.

Hata hivyo, mistari yote ikipungua sawasawa hakuna atakayejua. Kwilti itatoka ndogo kidogo, basi. Balaa ni pale mshono mmoja unapokuwa mpana na wa pili mwembamba, maana hapo pembe hazikutani kamwe. Ukiniuliza uhangaike na nini, nitakwambia kwanza mshono usiobadilika, halafu ndio mshono kamili.

Vitu vya kuwa navyo

Mbali na viraka, tafuta kitambaa cha mgongo cha inchi 16 kwa 18, na pamba ya katikati ya saizi hiyohiyo. Chagua pamba nyembamba, iliyolala. Ile nene yenye kuvimba inafaa blanketi. Kwenye kitu cha inchi 12 inakifanya kionekane kama mto. Kwa mkanda wa kingo, kata vipande viwili vyenye upana wa inchi 2 na urefu wa inchi 40 hivi. Uzi uwe wa pamba, mwembamba, namba 50. Sindano ya cherehani iwe mpya, 75/11 au 80/12. Pini nazo ziwe nyembamba, kwa sababu pini nene inanyanyua kiraka kidogo na kukisogeza kabla hujakishona. Pasi, rula yenye alama za inchi na kifumulio nadhani unavyo tayari.

Hatua ya 1: Pima, usifue

Viraka vya kiwandani usivifue kabla ya kushona. Vinasinyaa, vinachanika kingo, na vipimo ulivyolipia vinaondoka na maji. Ukiwa na wasiwasi na rangi nyekundu au ya buluu iliyokolea, lowesha kona ya kiraka kimoja na ukibane kwenye kitambaa cheupe uone kama inachuja.

Angalia kingo. Pakiti nyingi zina kingo zilizokatwa meno meno ili nyuzi zisichomoke, na hapa ndipo penye mtego: inchi 2.5 inahesabiwa kutoka ncha ya jino au kutoka bondeni? Inategemea mtengenezaji. Weka kiraka juu ya rula uone mwenyewe. Kama ni kutoka nchani, unaposhona weka zile ncha kwenye alama yako ya robo inchi. Kama ni kutoka bondeni, ncha zipite alama kidogo. Ukishajua, fuata hivyo kwa pakiti yote. Mavumbi ya nyuzi yatakuwa mengi. Kung'uta viraka nje, na kazi ikiisha safisha chini ya sahani ya cherehani, lile bamba la chuma lililo chini ya sindano.

Hatua ya 2: Panga mezani

Tandaza viraka vyote 42, sita kwa upana na saba kwenda chini. Vitambaa vya pakiti moja hupatana rangi kiasi kwamba vyote vinaweza kuwa na ukolevu mmoja, na kwilti ikishakamilika inaonekana kwa mbali kama doa moja. Piga picha kwa simu kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Palipo na kundi la kijivu kimoja, hamisha. Mimi hutenganisha kwanza vilivyokolea na vilivyofifia, nikavipanga kwa mshazari kutoka kona moja hadi nyingine. Kupanga kwa kubahatisha kunapendeza kwenye kazi kubwa. Hapa viraka ni vichache mno, na viwili vinavyofanana vikikaa jirani jicho linakimbilia palepale.

Kuna watakaotaka pembetatu. Inawezekana: weka kiraka kilichofifia na kilichokolea uso kwa uso, chora mstari kona hadi kona, shona robo inchi kila upande wa mstari, kisha kata juu ya mstari wenyewe. Unapata miraba miwili ya rangi mbili. Lakini itatoka na inchi 2 na thumni hivi, na baada ya kuinyoosha inabaki inchi 2, yaani inchi 1.5 ikishashonwa kwenye kazi. Haiwezi kukaa mstari mmoja na miraba mizima. Ukiamua pembetatu, basi iwe pembetatu kazi nzima.

Mpangilio ukikuridhisha, piga picha nyingine. Bandika karatasi yenye namba kwenye kiraka cha kwanza cha kila mstari.

Hatua ya 3: Tafuta robo inchi ya cherehani yako

Usiamini alama iliyochorwa kwenye sahani hadi uijaribu. Chukua mabaki, si viraka vya pakiti, maana huna cha akiba. Kata miraba mitatu ya inchi 2.5 na uishone kwa mstari, halafu upige pasi. Mstari unapaswa kuwa na inchi 6.5, na mraba wa katikati inchi 2 kamili. Ukiwa na pungufu, mshono wako ni mpana. Sogeza sindano kulia kwa nukta moja, au bandika utepe wa karatasi kwenye sahani uwe ukuta wa kuegemeza kitambaa. Kwa kawaida utajikuta unashona robo inchi pungufu ya uzi mmoja au miwili, kwa sababu kitambaa kinapokunjwa juu ya mshono nacho kinakula nafasi yake. Rudia hadi ukubali. Ndiyo sehemu inayochosha kuliko zote na ndiyo inayoamua kazi itakavyokuwa.

Hatua ya mshono, yaani umbali kutoka tundu moja la sindano hadi jingine, iweke milimita 2. Mishono mirefu itaanza kufumuka mwanzoni na mwishoni mwa viraka vidogo hivi.

Hatua ya 4: Shona mistari

Kiraka kidogo kina tabia ya kumezwa: meno ya cherehani yanavuta kona na kuizamisha kwenye tundu la sindano. Dawa yake ni kuanza kila mara kwa kushona kibaki kilichokunjwa, kisha bila kukata uzi unaingiza viraka vyako nyuma yake. Kama cherehani yako ina sahani ya tundu dogo la duara, ifunge hiyo.

Chukua kiraka cha kwanza na cha pili cha kila mstari, uso kwa uso, na uvipitishe jozi baada ya jozi huku ukiacha uzi mfupi kati yake. Vitatoka vikiwa vimefungana kama bendera za sherehe. Usivikate bado, rudi mwanzo na uunganishe kiraka cha tatu cha kila mstari, kisha cha nne. Ule uzi unashikilia mistari isichanganyike. Usivute kitambaa kwa nyuma. Mkono uongoze tu, meno yavute.

Hatua ya 5: Pasi

Pasi ya kwilti inakandamizwa. Haiburuzwi. Ukiiburuza, mraba unageuka kuwa kitu kingine. Kwanza kandamiza mshono ukiwa umefungwa, nyuzi zilale ndani ya kitambaa. Kisha fungua na ulaze ukingo wa mshono upande mmoja: mstari wa kwanza mishono yote ielekee kulia, wa pili kushoto, wa tatu kulia, hivyo hivyo hadi wa saba. Usiruke hili, hata ukiwa na haraka.

Hatua ya 6: Unganisha mistari

Laza mstari wa kwanza juu ya wa pili, uso kwa uso. Kwa kuwa kingo za mishono zimelala kwa kupishana, pale zinapokutana zinafungana. Shika makutano kwa dole gumba na kidole cha shahada, usugue taratibu. Utahisi kitu kikiteleza, kisha kikagota. Kikigota, mishono miwili imeegemeana na hakuna mwanya kati yake. Choma pini hapo, kidogo kushoto kwa makutano, na usogee kwenye yanayofuata. Ikiwa kiraka kimoja ni kirefu kuliko mwenzake kwa uzi mmoja au miwili, kirefu kiwe chini. Meno ya cherehani yatakila chenyewe.

Mistari yote saba ikishaungana, uso unapaswa kuwa na inchi 12.5 kwa 14.5, kwa kuwa robo inchi ya kila ukingo bado haijaliwa na mshono wa mkanda. Ukikuta 12.25 kwa 14.25 na pembe zimekutana, endelea, usifumue. Ninafumua tu pale makutano yamepishana kiasi cha kuonekana nikiwa nimesimama.

Kuna njia nyingine kwa asiyependa haya yote. Panga viraka vikigusana juu ya kitambaa chepesi chenye gundi cha kubandika kwa pasi, vibandike, kisha kunja kila safu na kushona robo inchi toka juu hadi chini. Chanja kile kitambaa cha gundi kwenye makutano ili kingo za mishono zilale kwa kupishana, halafu shona safu za upande wa pili. Pembe zinatoka safi mno. Mimi siipendi kwa sababu kwilti inakuwa ngumu kama jalada la kitabu, ingawa kwa ya kutundika ukutani hilo si neno.

Hatua ya 7: Matabaka matatu

Tandaza kitambaa cha mgongo, uso chini, ukibandike mezani kwa utepe wa gundi kikiwa kimenyooka bila kuvutwa. Pamba juu yake, halafu uso wa kwilti. Piga bandi kwa mkono, mishono mirefu kuanzia katikati kwenda nje. Ukiwa na pini za kujifunga, tumia hizo, moja kila viraka viwili.

Sasa shona matabaka yashikane. Hatua ya mshono ipandishe hadi milimita 3. Anza mstari wa katikati, kisha fanya kazi kuelekea kila ukingo. Ukianzia pembeni, kitambaa kinasukumwa na mwisho kinatengeneza mkunjo. Mistari iliyonyooka, robo inchi pande zote mbili za kila mshono, inatosha kabisa. Maua na mawimbi yanapotea kwenye vitambaa vyenye michoro. Ukimaliza, toa bandi na ukate kingo zote ziwe sawa na uso, kona zikiwa za mraba.

Kama kwilti itatundikwa, kata miraba miwili ya inchi 4, ikunje kila mmoja kuwa pembetatu, na uibane kwa pini kwenye kona mbili za juu, upande wa mgongo. Mkanda utakaposhonwa utazishika.

Hatua ya 8: Mkanda wa kingo

Unganisha vipande viwili kwa mshazari, kunja kwa urefu katikati, piga pasi. Mzunguko ni inchi 54, hivyo utabaki na wa kutosha. Anza katikati ya ubavu, kingo mbichi za mkanda zikiwa sawa na ukingo wa uso wa kwilti, na uache mkia wa inchi 5 bila kushona.

Kona ndipo wengi wanaposhindwa. Simama robo inchi kabla ya mwisho, geuza kwilti, na utoke nje kwa mshazari moja kwa moja hadi kwenye kona. Kata uzi. Kunja mkanda kwenda juu, ufuate ule mshazari, kisha ushushe tena chini, mkunjo ukiwa sawa na ukingo ulioumaliza. Anza kushona kutoka kwenye ukingo huo. Kona nne, mtindo ni huohuo.

Mikia ikikutana, pitanisha kwa inchi 2, upana uleule wa mkanda, kata ziada, shona kwa mshazari na umalizie. Geuza mkanda uende mgongoni na uushone kwa mkono, sindano ikinasa pamba na mgongo bila kutokea usoni.

Kijiti cha kutundikia kiwe kifupi kuliko upana wa kwilti kwa inchi moja. Kiingize ncha zote mbili kwenye zile pembetatu, na msumari mmoja katikati unatosha kukibeba.