Mstari ulio chini ya jina lako LinkedIn

Wafanyabiashara wenzangu wa Kisumu na Nakuru, mkiwa LinkedIn, ule mtandao wa kijamii wa watu wa kazi na biashara, tafadhali rekebisheni kwanza ule mstari ulio chini ya jina. Wengi wameandika "Mkurugenzi" au "Mjasiriamali" wakaishia hapo. Afisa wa ununuzi wa hoteli au shule hatafuti mjasiriamali, anatafuta mtu wa kumletea viti, sare au samaki.

Mstari huo unabeba hadi herufi 220, na huonekana kwenye matokeo ya utafutaji na pia kila unapotoa maoni kwenye chapisho la mtu mwingine, ingawa hapo hukatwa ukiwa mrefu. Kwa hiyo bidhaa itangulie, kisha mnunuzi, kisha mahali. Fundi wa soko la Kibuye, Kisumu, angeandika hivi: "Meza na viti vya hoteli na shule, Kisumu na magharibi mwa Kenya." Maoni yenye busara chini ya chapisho la meneja wa hoteli yatakuwa tangazo la bure.

Ukurasa wa kampuni fungua, ni vizuri, lakini usiutegemee peke yake. Ukurasa hauwezi kumwomba mtu muunganishwe, wewe unaweza. Mwombe kwa adabu, mtaje kwa jina, na bei zisubiri mpaka akuulize.

Ukipakia picha za kazi, jambo kuu liwe kwenye sentensi ya kwanza, maana maneno mengine hufichwa mpaka msomaji abonyeze.