Kuachilia kumbukumbu na kufuli bila goto katika C: hatua kwa hatua

Mwenzangu alikuwa na fanksheni yenye njia nyingi za kutokea, na kila njia ilibeba `free` na `pthread_mutex_unlock` zake. Tulizifuta zote, tukaiachia kompaila kazi hiyo kwa sifa ya `cleanup`: unaiambatisha kwenye kigeu, na kompaila huita fanksheni uliyoitaja kila kigeu kinapotoka kwenye eneo lake.

1. Kompaila. GCC au Clang. Ya Microsoft haina sifa hii, na C23 haikuiingiza.

2. Fanksheni za kusafisha. Zinapokea anwani ya kigeu, si kigeu chenyewe:

```c
#define SAFISHA(f) __attribute__((cleanup(f)))

static void fungua(pthread_mutex_t **m)
{
    if (*m)
        pthread_mutex_unlock(*m);
}
```

Ya bafa, `acha_bafa`, iandike vivyo hivyo, nayo ivumilie NULL.

3. Tangaza kigeu pale pale unapokipa thamani. Hapa ndipo penye kazi. Usafishaji huenda kinyumenyume: kilichotangazwa mwisho husafishwa kwanza. Mwenzangu, kwa mazoea, alitangaza vyote juu:

```c
pthread_mutex_t *k SAFISHA(fungua) = NULL;
struct bafa *b SAFISHA(acha_bafa) = NULL;
```

Kufuli lenyewe limo ndani ya bafa. Kwa kuwa `b` imetangazwa mwisho, inaachiwa kwanza, halafu `fungua` inagusa kumbukumbu iliyokwisha rudishwa. Kosa hili hujificha vizuri mno: `acha_bafa` hupunguza tu hesabu ya wanaoishika bafa, na `free` huitwa hesabu ikifika sifuri. Majaribio yote yalipita. Programu ilianguka pale tu uzi (thread) ulioendesha fanksheni hii ulipokuwa wa mwisho kuishika, nasi tukatumia saa nzima kukagua msimbo wa nyuzi usiokuwa na shida yoyote. Valgrind, zana ya kukagua makosa ya kumbukumbu, ndiyo iliyotuonyesha mstari wenyewe. Anza nayo, usianze na `printf`.

Inavyotakiwa:

```c
struct bafa *b SAFISHA(acha_bafa) = chukua_bafa(id);
if (!b)
    return -1;
pthread_mutex_lock(&b->kufuli);
pthread_mutex_t *k SAFISHA(fungua) = &b->kufuli;
```

Ila usikariri kwamba kufuli huja mwisho. Kama ni kufuli la nje, linalolinda orodha ambamo `acha_bafa` huiondoa bafa, mambo yanageuka: litangazwe kwanza, lisiachiwe hadi bafa itoke. Jiulize kila mara: wakati wa kuondoka, kipi bado kinamhitaji mwenzake?

Na kigeu chenye SAFISHA kisiachwe bila thamani hata mstari mmoja. Ukitoka mapema, fanksheni ya kusafisha itapewa takataka.

4. Kurudisha pointa. `return p` hunakili anwani, kisha usafishaji huachilia kilichomo, na aliyeita anapokea pointa mfu. Nakili kwanza, weka `p = NULL`, ndipo urudishe nakala. Mradi wa systemd, unaosimamia huduma za Linux, una `TAKE_PTR` kwa kazi hii, na kerneli ya Linux ina `no_free_ptr`.

5. Usichanganye na goto, yaani mtindo wa zamani wa kuruka hadi lebo ya kusafishia mwishoni mwa fanksheni. Fanksheni moja, mtindo mmoja. goto inayoruka juu ya tangazo na kutua chini yake hukuachia kigeu kisicho na thamani ambacho bado kitasafishwa. Clang huikataa kabisa, na hiyo ni sababu tosha ya kujengea msimbo kwa Clang pia hata kama unatoa kwa GCC. Kerneli ilipopata `cleanup.h`, faili lenye makro za mtindo huu, katika toleo la 6.5, mwaka 2023, haikufuta goto zake zote; fanksheni huhamishwa moja moja, nzima nzima. Fuata njia hiyo.

`exit` haisafishi chochote kati ya hivi. Usitegemee `longjmp` pia.