SOMO: Mzee wako ameanza kuanguka anguka? Usiseme "ni uzee tu", fanya hivi

Habari wadau. Leo naongelea kitu kimoja tu, wazee kuanguka, maana wengi tunakichukulia poa. WHO wanakadiria watu kama 684,000 wanakufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na waliovuka miaka 60 ndo wanaongoza. Alafu unakuta familia ikisikia mzee kaanguka inasema "ah, uzee huo", anapewa pole na dawa ya kuchua, biashara imeisha, baada ya siku kadhaa kaanguka tena. Kuna kitu kinamwangusha. Kitafute.

Hatua ya 1: Muulize ilikuwaje
Ukimuuliza "umeangukaje tena jamani?" kwa sauti ya lawama atakwambia niliteleza, yaishe. Wazee wengi wanaficha, wanaogopa wakisema ukweli watakatazwa kutoka nje au kukaa peke yao. Kaa nae taratibu: ilikuwa saa ngapi, alikuwa anatoka wapi anaenda wapi, ndo kwanza ameinuka kitandani? aliona giza? miguu iliisha nguvu? Akikwambia nakumbuka nilisimama alafu nikajikuta niko chini, huyo inawezekana alipoteza fahamu, apelekwe hospitali moyo ukaangaliwe hata kama sasa hivi anapiga stori na kucheka.

Hatua ya 2: Presha, amelala na amesimama
Hii ndo wengi hawaijui. Alale dakika 5, mpime akiwa hivo hivo amelala, kisha asimame (simama karibu nae, asije akaanguka wakati wa kupimwa) umpime tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini ikishuka kwa 10 au zaidi, hapo pana shida. Mfano amelala ana 148/82, akisimama inasoma 121/74, huyo damu inachelewa kupanda kichwani kila anapoinuka. Sasa kliniki mara nyingi anapimwa kakaa kwenye kiti, presha inaonekana iko juu, anaongezewa kidonge, akirudi nyumbani akiamka usiku chini. Andika hizo namba na saa uliyopima, mpelekee daktari. Usimpunguzie dawa mwenyewe! Wakati mnasubiri, akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja mbili, achezeshe vifundo vya miguu juu chini, ndo asimame.

Hatua ya 3: Mwaga dawa zote mezani
Zote, za hospitali, za kujinunulia, na zile alizopewa na rafiki yake "zimenisaidia sana". Angalia zinazoleta usingizi: diazepam, amitriptyline, na zile za mafua na mzio zenye chlorpheniramine. Hizo tatu zote zipo kwenye orodha ya Beers, ilianza 1991 na siku hizi inasimamiwa na chama cha madaktari wa wazee cha Marekani, inataja dawa ambazo mtu wa miaka 65 na kuendelea ni bora aziepuke kama inawezekana. Hawakatazwi kabisa, ila daktari aulizwe kama bado inahitajika. Na diazepam aliyoitumia muda mrefu usiikatishe ghafla, inapunguzwa kidogo kidogo. Mwenye kisukari anaetumia insulini au glibenclamide, mpime sukari akiwa analegea, inaweza kuwa imeshuka. Anaetumia dawa ya kupunguza maji mwilini kama furosemide na anaimeza jioni, usiku kucha atakuwa njiani kwenda chooni, uliza kama anaweza kuihamishia asubuhi.

Hatua ya 4: Tembea njia yake ya usiku
Subiri usiku, lala kitandani kwake, zima taa, alafu nenda chooni. Utashangaa. Swichi iko mbali na kitanda, kona ya zulia imejikunja, waya umepita katikati, ndala moja imeingia uvunguni. Weka taa ndogo inayowaka usiku kucha, toa hilo zulia, mtafutie viatu vyenye kisigino kilichofungwa na soli isiyoteleza. Chooni na bafuni funga chuma cha kushikia, kifungwe kwenye ukuta imara. Kile cha kutundikia taulo hakihesabiki, akikivuta kwa uzito wote kinang'oka nae.

Hatua ya 5: Miguu na macho
Mwambie ainuke kwenye kiti, atembee mita 3, ageuke, arudi akae, we hesabu. Ikifika sekunde 12 au kuzidi, yuko kwenye hatari. Dawa yake ni mazoezi: kuinuka na kukaa kitini bila kushika, kusimama mguu mmoja huku ameshika kaunta au meza nzito. Kumkalisha tu "asije akaanguka" kunammaliza nguvu za mapaja, mwisho anaanguka hata akienda hapo mlangoni. Macho apimwe kila mwaka, mtoto wa jicho anatolewa.

MASWALI YA WADAU

*Mama hataki fimbo, anasema ataonekana kazeeka. Nifanyeje?*
Mpe achague mwenyewe, usimletee kama hukumu. Na ikae sawa: akisimama mikono imelegea, mpini uwe usawa wa kiungo cha kiganja. Aishike upande wa mguu MZIMA, wengi wanaishika upande unaouma.

*Mkuu, baba kajigonga kichwa jana bafuni, hana kidonda, yuko fresh kabisa. Anatumia warfarin.*
Funga simu mpeleke hospitali leo hii. Dawa ya kuzuia damu kuganda na kichwa kugongwa haviendi pamoja, damu inaweza kuvujia ndani taratibu na dalili zikaja siku au hata wiki baadae. Ukifika taja warfarin kabla ya kitu kingine.

*Bibi alikuwa mzima, wiki hii kaanza kuongea vitu havieleweki na kaanguka mara mbili. Ndo kusahau kwa uzee?*
Kusahau kwa uzee hakuji ndani ya wiki moja dada. Mabadiliko ya ghafla hivo mara nyingi ni ugonjwa: maambukizi ya mkojo au mapafu, kukaukiwa maji, dawa mpya, hata kukosa choo. Kwa wazee homa inaweza isiwepo kabisa. Apelekwe leo, na kama mdomo umepinda au mkono hauna nguvu kimbia, hiyo inaweza kuwa kiharusi.

*Akianguka tumnyanyue haraka?*
Hapana. Muache alipo, muulize panauma wapi. Mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, au hawezi kuusogeza, inawezekana nyonga imevunjika, msimsogeze, mfunikeni mwite msaada. Kama hana maumivu mwache ajigeuze ubavu, apige magoti, mletee kiti aegemee, ainuke mwenyewe taratibu we ukiwa pembeni. Mfundisheni hivi kabla, akiwa mzima.

*Mi niko mbali, dada ndo anakaa na mzee, kila nikipiga simu tunaishia kugombana. Natuma hela lakini.*
Hela ni nzuri ila haimpi dada usingizi. Chukua kazi moja iwe yako moja kwa moja: we ndo unatunza orodha ya dawa na tarehe za kliniki, we ndo unaongea na daktari. Na ukipiga simu usianze na "mbona hamjafanya", muulize dada lini mara ya mwisho alilala usiku mzima, alafu panga likizo uende ukalale wewe kwenye kile chumba, yeye aondoke.