Somo: Bogenvilia kuanzia kijiti hadi ukuta mzima

Kila wiki hapa Entebbe mtu ananiuliza kwa nini bogenvilia yake ni majani matupu, ilhali ya jirani, isiyoangaliwa na yeyote, imefunika ukuta wote. Jibu limo humo humo kwenye swali. Tuanze na kijiti, maana mvua za Machi ndizo wakati wake.

1. Kata tawi lililokomaa, la kahawia, unene wa penseli. La kijani huoza. Urefu sentimita 15 hadi 20, ng'oa majani yote. Vaa glavu, ina miiba.

2. Panda kwenye kavera (mfuko wa plastiki), mchanga na udongo mweusi nusu kwa nusu, matundu chini. Weka kivulini. Udongo uwe na unyevunyevu tu, usitote. Ukitaka miche miwili panda vijiti vitano. Machipukizi ya mwanzo yasikudanganye: yanakula akiba ya kijiti. Mizizi huchukua hadi miezi miwili.

3. Kuhamisha. Hapa ndipo wengi wanapoua mche. Mizizi ya bogenvilia ni myembamba, hukatika upesi, haishiki udongo vizuri. Mche wangu wa kwanza niliushika shina nikauvuta. Ukatoka mtupu, udongo ukabaki ndani ya kavera, na baada ya siku chache ulikuwa umekauka. Siku hizi naweka kavera lote shimoni, nalichana ubavu kwa wembe mpaka chini, nalivuta taratibu huku nafukia. Shina siligusi.

4. Jua na kiu. Jua kali saa sita kwa siku, zisipungue. Miezi ya kwanza mwagilia. Mti ukishashika, acha udongo ukauke kabla ya kurudia. Chuma shada moja ulitazame kwa karibu: ile rangi si ua, ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kibomba cheupe chembamba katikati, na viko vitatu, kila kimoja kimeshikana na jani lake la rangi. Mti ukishiba maji na samadi hukimbilia majani ya kijani. Ukionja kiu, ndipo unapotoa rangi. Ndiyo sababu kuta zetu hung'aa Januari na Julai, mvua zikiwa zimekatika.

5. Rangi ikipukutika, pogoa. Maua huja kwenye matawi mapya.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, yangu ina miaka miwili, nene, kijani, haijachanua hata mara moja. Naitilia samadi ya kuku kila mwezi.
– Dada, acha samadi kabisa. Na kama iko chini ya mwembe, kata matawi ya mwembe jua lipite.

Naishi ghorofani Kampala, naweza kuipanda kwenye ndoo?
– Inafaa sana, mizizi ikibanwa huchanua vizuri. Toboa ndoo chini, na usiwe na haraka ya kuihamishia kwenye kubwa.

Huku Kabale ni baridi, itaota?
– Itaota, ila polepole. Ipe ukuta unaopigwa na jua la mchana, joto la ukuta litaisaidia.

Niliihamisha jana, leo majani yamelala. Nimwagie zaidi?
– Hapana ndugu yangu. Ikinge na jua siku chache, punguza matawi nusu, na udongo ubaki na unyevu ule ule. Ukikwaruza gome kwa ukucha ukaona kijani, bado i hai.