Kuita kazi za Windows kutoka VBA bila kuangusha programu

Ukitaka VBA (lugha ya programu iliyo ndani ya Excel na Office) iombe maandishi kutoka Windows, tayarisha nafasi kabla ya kuita. Windows haikutengenezei mfuatano wa herufi. Inaandika ndani ya ule uliopewa. Tamko, yaani mstari unaoitambulisha kazi ya Windows kwa VBA, liwe juu kabisa ya moduli. Mfano huu unaomba njia ya folda ya Windows:

Private Declare PtrSafe Function GetWindowsDirectoryA Lib "kernel32" (ByVal bafa As String, ByVal ukubwa As Long) As Long

Kisha, ndani ya utaratibu wako (n ni idadi ya herufi zilizoandikwa):

s = String$(260, vbNullChar)
n = GetWindowsDirectoryA(s, 260)
s = Left$(s, n)

Ukiruka mstari wa mwisho, s inabaki na herufi 260, nyingi zikiwa sifuri zisizoonekana. Ukiunganisha jina la faili mwishoni mwake, njia haifunguki, na kwa macho huoni kasoro yoyote.

ByVal kwenye String ni lazima. Bila hiyo unapitisha anwani ya kielekezi (namba inayoonyesha data ilipo kwenye kumbukumbu) badala ya maandishi, Windows inaandika pasipostahili na Excel inafungwa ghafla pamoja na kazi ambayo hujaihifadhi. Kwa hiyo hifadhi kabla ya kujaribu tamko jipya.

PtrSafe inahitajika kwenye Office ya biti 64, lakini ni ahadi yako tu kwamba tamko linafaa biti 64, haikagui chochote. Vielekezi na vishikio vya madirisha (namba za kuyatambulisha) uvitangaze kwa aina ya LongPtr. Ukiweka Long, nusu ya juu ya anwani inakatwa. Ukubwa na idadi, kama hapo juu, hubaki Long.

n ikirudi 0, yaani ombi limeshindikana, soma msimbo wa kosa kwenye Err.LastDllError papo hapo. Usiite GetLastError, maana VBA yenyewe huenda imeshaibadilisha thamani hiyo.