Somo: Kutengeneza nyuzi za nano za titaneti kwa anatesi, rutaili au ilmenaiti

Nyuzi za nano za titaneti ni nyuzi nyembamba mno zenye titani, oksijeni na sodiamu au hidrojeni. Wengi huuliza kwanza joto na muda. Mimi naomba uanze na unga wenyewe, maana huo ndio utakaokuamulia hayo mengine. Anatesi na rutaili ni aina mbili za fuwele za titani dioksidi. Anatesi laini hushikwa upesi na kostiki soda (sodiamu hidroksidi). Rutaili ni kaidi, iongezee siku nzima. Ilmenaiti ni madini ya titani yenye chuma ndani yake. Usipokitoa kwanza kwa asidi ya hidrokloriki ya moto, utaishia na tope la kahawia.

Mwaka 1998 Kasuga na wenzake wa Japani walieleza jinsi walivyopata mirija ya nano kwa 110 °C na saa 20. Sisi tunataka nyuzi, kwa hiyo tunaongeza joto na muda.

1. Vaa miwani na glavu. Tia gramu 28 za kostiki soda kidogo kidogo kwenye maji baridi, ndani ya bika ya plastiki iliyokaa kwenye beseni la barafu. Ongeza maji hadi mililita 70. Huo ni ukali wa moli 10 kwa lita (moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali).

2. Tia gramu 1 ya unga, koroga nusu saa.

3. Mimina kwenye kikombe cha tefloni cha mililita 100, kiingize kwenye ganda lake la chuma cha pua, kaza. Usijaze hadi juu: maji yakipata moto hutanuka na lazima yapate pa kwenda. Weka tanurini, 180 °C, saa 48.

4. Zima, uache ipoe humo humo usiku kucha.

5. Kuosha ndiko kunakoharibu kazi za wengi. Mwaga kostiki ya juu, suuza kwa maji yaliyokenekwa hadi pH ikaribie 7. Loweka saa kadhaa kwenye asidi ya hidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita, sodiamu itoke na hidrojeni ishike nafasi yake. Suuza tena. Sasa inua chupa kwenye mwanga uizungushe taratibu: ukiona mistari inang'aa kama hariri ikifuata maji, hizo ni nyuzi zimejipanga. Unga mtupu hauna mng'ao huo. Nimeuona mara nyingi, na kila mara huacha nilichokuwa nafanya nikautazama.

6. Kausha kwa 70 °C.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, naweza kutumia chupa ya kioo?*
Hapana kabisa. Kwa 180 °C maji matupu hufikia shinikizo la takriban mara 10 ya hewa, na kostiki hula kioo.

*Nimetumia rutaili, saa 24, nimepata chembe tu.*
Hizo ni rutaili ambayo haijaguswa. Isage iwe laini zaidi, kisha rudia kwa saa 72.

*Zikikauka naweza kuzikwangua kwa mkono?*
Zikwangue zikiwa bado mbichi, ndugu yangu. Zikikauka hupeperuka, na nyuzi nyembamba ndefu zikiingia mapafuni haziondoki kirahisi. Vaa barakoa ya chembe, fanyia kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa.