Namna ya kupima kama usajili wa jirani ndio unaoleta ubingwa katika futiboli ya vyuo Marekani

Kila Desemba, wiki ya vijana wa sekondari kusaini na vyuo watakavyochezea futiboli ya Kimarekani, ubishi ni ule ule: chuo kikiwafungia geti vijana wa mtaani kwake, ubingwa utakuja wenyewe. Hoja hiyo haikutoka hewani. Kocha Howard Schnellenberger alipofika Chuo Kikuu cha Miami mwaka 1979 aliizungushia uzio kusini mwa Florida na kuiita "Jimbo la Miami", na msimu wa 1983 ukaisha kwa ubingwa baada ya kuifunga Nebraska 31-30. Lakini Nebraska hiyo hiyo, ambayo jimbo lake zima halina watu wengi, ilirudi na kubeba mataji ya 1994, 1995 na 1997. Mifano ya hivi haimalizi ubishi, kila upande una wa kwake. Hesabu inaweza kuumaliza, na Excel inatosha.

Anza kwa kuligawa swali, maana hapa ndipo wengi hupotea. "Usajili wa jirani" ni mambo mawili. La kwanza ni ghala: ni vijana wangapi wa nyota 4 na 5 (daraja za juu za wachunguzi wa vipaji, mwisho ni 5) wanaopatikana karibu na chuo. La pili ni fungu: katika waliosajiliwa na chuo hicho, asilimia ngapi ni wa karibu. Chuo kinaweza kukaa juu ya ghala kubwa na kikaambulia makombo. Miami imelijua hilo vizuri: Amari Cooper alitoka Miami akaenda Alabama, na Jeremiah Smith aliyesoma Hollywood, Florida, akaenda Ohio State. Kwa hiyo weka safu mbili tofauti.

Usitumie mipaka ya majimbo kupima ukaribu. Pensacola na Miami zote ni Florida, ila zimeachana takriban kilomita 850. Clemson iko South Carolina, lakini makwotabeki (warushaji wa mpira wanaoongoza mashambulizi) wake wa ubingwa wa 2016 na 2018, Deshaun Watson na Trevor Lawrence, ni vijana wa Georgia kaskazini, mwendo mfupi tu kwa gari. Kwa mpaka wa jimbo ni wageni, kwa kilomita ni majirani. Chora duara la kilomita 400 kuzunguka uwanja wa chuo, kisha hesabu hiyo hiyo irudie kwa 250 na kwa 600. Jibu likigeuka kila ukibadili duara, bado hujapata jibu.

Data ipo bure CollegeFootballData.com; unajisajili kwa barua pepe, unapewa ufunguo wa kupakulia data. Utapata daraja la kila kijana kwa kipimo cha 0 hadi 1, pamoja na latitudo na longitudo ya anakotoka. Weka latitudo ya kijana B2, longitudo yake C2, za uwanja D2 na E2, halafu:

=6371*ACOS(MIN(1,SIN(RADIANS(B2))*SIN(RADIANS(D2))+COS(RADIANS(B2))*COS(RADIANS(D2))*COS(RADIANS(E2-C2))))

Jibu ni kilomita za mstari ulionyooka. Jaribu kwanza kwa Houston na Austin: lazima uone karibu 235. Ukiona maelfu, umesahau RADIANS mahali. Hiyo MIN nayo usiifute. Kijana akitoka mji ule ule wa chuo, hesabu ya ndani huweza kuzidi 1 kwa chembe ndogo mno na Excel ikakurudishia #NUM!.

Kabla ya kuendelea, chuja IMG Academy ya Bradenton, Florida. Ni shule ya bweni inayokusanya vipaji kutoka nchi nzima. J.J. McCarthy, kwotabeki wa ubingwa wa Michigan msimu wa 2023, alimalizia sekondari hapo, lakini kwao ni Illinois. Ukiwaacha vijana wa namna hiyo kwenye jedwali, Florida itavimba kwa watu wasio wake. Rekebisha kwa mkono. Ni kazi ya kuchosha lakini haina njia ya mkato.

Sasa vipaji kwa jumla. Chukua makundi manne ya usajili yanayoishia na msimu unaoupima, hesabu wenye nyota 4 na 5, gawanya kwa wote waliosaini. Ndicho kipimo alichokitangaza mwandishi wa michezo Bud Elliott, na mabingwa wote wa 2011 hadi 2024 walivuka nusu. Kwa mafanikio, usihesabu ushindi mtupu, kwa sababu ratiba hazilingani. Tumia SP+ au SRS, alama za ubora wa timu zinazozingatia ugumu wa wapinzani.

Kisha kata mzizi. Kwa CORREL, fomula ya Excel inayopima uhusiano wa safu mbili, tafuta namba tatu: ghala na mafanikio (a), ghala na vipaji (b), vipaji na mafanikio (c). Uhusiano unaobaki baada ya kuondoa vipaji ni:

(a − b×c) ÷ √((1 − b²)(1 − c²))

Tuseme, kwa mazoezi tu, a ni 0.35, b ni 0.50 na c ni 0.60. Unabaki na 0.07, yaani karibu na bure. Maana yake ghala la jirani linasaidia kwa sababu linarahisisha kupata vipaji, na likishafanya hivyo halina la ziada. Ukiona limebaki 0.30, hapo kuna jambo jingine: pengine makocha wa sekondari wa eneo hilo, pengine vijana wa karibu hawahami mapema. Rudia yote kwa fungu badala ya ghala. Sisi tunauona ukaribu kama punguzo la nauli, si injini.

Mitego miwili mikubwa. Ushindi nao huvuta wachezaji, kwa hiyo linganisha usajili na misimu inayofuata, kamwe si iliyopita. Na kundi moja lisikudanganye: Texas A&M ilishika namba moja katika usajili wa 2022, ndani ya jimbo lenye vipaji tele, na msimu huo huo ikamaliza 5-7, yaani ushindi 5 na vipigo 7.

Uhamisho ndio unaovuruga zaidi, hasa tangu 2021, mchezaji aliporuhusiwa kuhama chuo mara moja tu na kucheza papo hapo. Indiana ilikuwa 3-9 mwaka 2023. Kocha Curt Cignetti akaja na wachezaji 13 kutoka chuo cha James Madison, na 2024 ikamaliza 11-2. Duara lako la kilomita 400 halitawaona watu hao. Basi pima misimu ya hadi 2020 peke yake na ya kuanzia 2021 peke yake, na katika sehemu ya pili ongeza safu ya waliohamia, ukipima umbali kutoka kwao walikozaliwa, usipime kutoka chuo walichokiacha.